Chiriku Bila Kipaza Sauti

Wiki nzima ya kwanza ya mazoezi, Chiriku aliimba akiwa amekunja ngumi chini ya kidevu. Hakuna aliyempa kitu cha kushika. Ukumbi ule wa michezo ya kuigiza haukuwa na kipaza sauti hata kimoja cha mwigizaji. Dari lake la mbao lilijengwa zamani kwa ajili ya koo la mtu, na mwongozaji alijivunia dari hilo utadhani alilipigilia misumari yeye mwenyewe. Lakini mkono wa kulia wa Chiriku ulikuwa umeshika kipaza sauti kwa miaka kumi na miwili. Kinanda kikianza tu, mkono ulipanda wenyewe, ukakaa pale, vidole vimeshika hewa.

Siku ya tatu, mbadala wake, yaani yule msichana aliyejifunza nafasi ileile ili aishike endapo Chiriku angeshindwa, alimwangalia weee, kisha akasema, "Dada, malizia basi hiyo aiskrimu, itayeyuka."

Watu walicheka hadi wakashika mbavu, na Chiriku akacheka nao. Alikuwa mtu wa kucheka. Hata hilo jina alipewa utotoni na kaka yake kwa sababu ya mdomo usiojua kupumzika. Likamfuata shuleni, likamfuata studio, mwisho likaandikwa kwa herufi kubwa kwenye mabango. Alikuwa na wimbo mmoja uliovuma kweli, wa mwaka ule ambao kila kinyozi na kila duka la simu waliupiga kutwa, na nyingine nne tano zilizopendwa kiasi. Baada ya hapo akawa mwimbaji wa kumbi za hoteli, harusi za wenye nafasi na sherehe za makampuni. Si haba. Ila alipofikisha miaka thelathini na sita aliona wanaompigia simu wanautaka wimbo uleule mmoja, na magoti yake yalikuwa yameanza kuchoka kurukaruka.

Mwongozaji alipomwita hakumzunguka. Alimwambia jina lake lingejaza viti, na kwamba uso wake ulikuwa unasema hata akiwa amenyamaza. Mchezo wenyewe ulikuwa wa nyimbo mwanzo hadi mwisho, hadithi ya mwanamke dobi anayelea watoto wa ndugu yake huku mtaa mzima ukimteta. Dobi huyo ndiye Chiriku.

Kumbe kazi hizo mbili hazifanani hata kidogo. Kulikuwa na pale dobi anapoletewa barua kwamba ndugu yake hatarudi tena, na anaimba akiwa na nguo za watu mikononi. Ndio wimbo mzito kuliko zote. Chiriku aliumaliza vizuri, akainamisha kichwa, na kwa mazoea tu akasema, "Asanteni sana, nawapenda." Mpiga kinanda alilaza paji la uso juu ya kinanda chake. Siku nyingine, katikati ya wimbo wa uani, alivielekezea ngumi viti vitupu akauliza, "Mpo?"

"Mimi nipo," sauti ya mwongozaji ilijibu kutoka nyuma. "Dobi yuko wapi?"

Huko nyuma ndiko kulikokuwa na hatari. Mwongozaji alikuwa na kawaida yake, na waigizaji wote waliijua. Alikuwa anabeba kiti cha kukunja, anakiweka nyuma ya mstari wa mwisho, analigeuzia jukwaa mgongo, anafungua gazeti. Anasoma kwelikweli, kurasa anageuza. Lakini neno lisipomfikia, anainua gazeti juu ya kichwa bila kugeuka. Kwa wengine gazeti lilipanda mara moja, mara mbili. Kwa Chiriku lilipanda na kushuka kama la mtu anayefukuza nzi.

Wiki ya pili ilipokwisha alimwita pembeni. Alizungumza naye kwa upole, na upole ndio uliomtisha Chiriku. Jumamosi inayofuata, saa nane mchana, wangeucheza mchezo mzima bila kusimama. Gazeti likipanda zaidi ya mara tatu kwa ajili yake, dobi angekuwa yule mbadala, na yeye Chiriku angeingia kwenye kundi la majirani wanaoteta. Picha yake ingebaki kwenye bango.

Hilo la bango lilimchoma kuliko yote. Wangemchukua jina, sauti wangeiacha.

Na kuhusu sauti, alikuwa na siri iliyomkaa rohoni, asiyoweza kumwambia mtu.

Miaka sita nyuma aliugua koo. Daktari alimkataza kuimba kwa miezi mitatu, lakini sherehe zilikuwa zimeshakubaliwa. Kaka yake ndiye aliyekuwa fundi mitambo wake tangu mwanzo: mtu mpole, mrefu, mwenye kalamu nyuma ya sikio, aliyekaa kila onyesho nyuma ya mashine ya kuchanganya sauti. Wao waliiita mikisa. Kaka akapata njia. Aliichukua sauti ya Chiriku iliyorekodiwa studio akaipitisha kwenye njia ya saba ya mikisa, na Chiriku akawa anafungua mdomo tu. Plebeki. Watu walicheza, hakuna aliyeshtuka. Koo lilipopona alianza tena kuimba kidogo kidogo, kisha kwa nguvu zake zote, na kaka akamwambia njia ya saba ameiacha chini kidogo, akichoka imbebe.

Tangu hapo Chiriku hakujua tena. Kila alipopigiwa makofi alijiuliza watu wamesikia sauti ipi, ya kwake ya leo au ile ya zamani iliyosafishwa studio. Mara moja tu alimuuliza kaka, naye akajibu huku anakunja waya, "Wewe imba, mengine niachie mimi." Hakuuliza tena. Aliogopa jibu.

Miezi minane iliyopita Mungu alimchukua kaka huyo, baada ya maradhi ya figo yaliyomla taratibu. Jibu likaenda naye. Kwenye msiba Chiriku hakulia. Alipanga viti, alipokea wageni, alihakikisha kila mtu amepata maji, watu wakamsifu kwa kujikaza. Mama yao ndiye aliyenyamaza. Mama aliyezoea kumsahihisha kila mtu, hata mhubiri, sasa alikaa sebuleni na kitabu chake cha sala mapajani, akiulizwa anajibu neno moja. Mikisa ya marehemu ilikuwa pale pale sebuleni, juu ya meza ndogo, imefunikwa kitambaa cha meza cheupe. Hakuna aliyeigusa.

Basi Jumatatu ya wiki ile ya mtihani, Chiriku alifanya kosa ambalo mwimbaji wa namna yake tu ndiye angelifanya. Alikwenda kwa fundi wa ukumbi.

Fundi huyo alikuwa mwanamke wa makamo waliyemwita Mama Swichi, mwenye bisibisi kwenye mfuko wa kifuani na maneno makali kuliko hiyo bisibisi. Taa zote zilikuwa zake, na spika za wapiga ala pia. Chiriku alimkuta chumbani kwake chini ya jukwaa, akafunga mlango, akamweleza nusu nusu. Alitaka kipaza sauti kidogo, cha kufichwa kwenye kilemba cha dobi. Na chini yake ipite sauti yake ya studio, kidogo sana, ya kumbeba tu. Mashine inayojua kazi hiyo ipo nyumbani.

Mama Swichi aliendelea kumenya waya.

"Mwongozaji akijua, atatufukuza sote wawili," Mama Swichi alisema mwishoni. "Mimi nimebakiza miaka minne nistaafu."

"Najua, mama yangu."

"Hujui. Ungejua usingekuja." Akakata ncha ya waya. "Marehemu kaka yako nilifanya naye kazi mara mbili. Hakuwa mtu wa kubabaisha. Ilete hiyo mashine niione. Sijasema ndiyo."

Nyumbani, Chiriku alimwomba mama ruhusa ya kuichukua mikisa. Hakusema ni ya nini, akainama kama mtoto aliyevunja sahani. Mama aliangalia kile kitambaa cheupe kwa muda, akasema, "Irudi." Basi. Chiriku aliipakata mashine ndani ya teksi, na kitambaa chake juu, kama mtu anayempeleka mgonjwa hospitali.

Jumatano mchana Mama Swichi aliiweka mezani, akawasha taa ya kuangikwa, akaondoa kitambaa. Njia zilikuwa kumi na mbili, kila moja na kitufe chake cha kusukuma juu na chini. Chini ya kila kitufe kulikuwa na kipande cha plasta nyeupe chenye mwandiko mdogo ulionyooka wa marehemu: Yeye. Ngoma. Gitaa. Kinanda. Chiriku aliusoma mwandiko ule akashika ukingo wa meza.

"Sauti ya studio ilikuwa inaingia wapi?" Mama Swichi aliuliza.

"Ya saba."

"Ya saba imefungwa."

Kweli ilikuwa imefungwa. Kitufe cha saba kilikuwa kimeshushwa hadi chini kabisa, na juu yake, kutoka mwanzo hadi mwisho wa mfereji wake, kaka alikuwa amebandika plasta pana. Si jana wala juzi. Plasta ilikuwa imekuwa ya manjano, kingo zake zimeshika vumbi jeusi. Juu yake aliandika maneno mawili na tarehe: Haihitajiki tena.

Mama Swichi aliinua ncha kwa ukucha. Chini yake chuma kilikuwa kinang'aa kama siku kilipotoka dukani, wakati sehemu nyingine zote zilikuwa zimefifia kwa vidole na jasho. Akairudisha ncha ile mahali pake, akaibonyeza kwa kidole gumba.

"Hii ina miaka," alisema. "Tarehe unaijua?"

Chiriku aliijua. Ilikuwa siku ya sherehe ya chuo cha ualimu, uwanjani, mvua ikinyesha, watu hawakuondoka. Siku ile alishuka jukwaani akamwambia kaka kwamba hiyo njia ya saba imemwokoa, na kaka akacheka tu, akaendelea kufunika spika na turubai. Miaka minne na nusu iliyopita.

"Kwa hiyo tangu siku hiyo..."

"Tangu siku hiyo ulikuwa unaimba mwenyewe, na kaka yako alikuwa anakuangalia." Mama Swichi alizima taa. "Sasa unanitaka mimi nikufungulie alichofunga yeye? Mimi ni nani?"

Chiriku hakukumbuka alirudije nyumbani. Mama alikuwa mahali pake. Alimsimulia yote, safari hii bila kuruka kitu: koo, plebeki, njia ya saba, hata kile kipaza sauti cha kwenye kilemba. Mama alisikiliza huku amefunga macho. Alipoyafungua hakuonekana kushangaa.

"Aliniambia," mama alisema.

"Lini?"

"Wiki ileile. Alikaa hapo ulipokaa. Nikamwambia, mwambie mwenzio afurahi. Akasema, mama, nikimwambia ataanza kujisikiliza, na akijisikiliza ataharibu. Atajua siku akihitaji."

"Na wewe ukanyamaza miaka yote hiyo."

"Niliapa kwake. Halafu alipofariki, nikasahau kama kuna kitu niliapa. Mwanangu, nimesahau mengi mwaka huu."

Hapo ndipo Chiriku alipolia. Alilia kilio cha miezi minane, kichwa kwenye mapaja ya mama, kitabu cha sala kikaanguka chini wala hakuna aliyekiokota. Mama alimpapasa mgongo akinong'ona sala ya kuwaombea marehemu, akiirudia kila ilipokwisha, mpaka mwanawe akapiga chafya na wote wawili wakacheka bila kutaka. Usiku ule Chiriku alilala kama gogo.

Lakini kujua una sauti na kuifikisha nyuma ni mambo mawili. Alhamisi gazeti lilipanda tena, ingawa si kama zamani. Mbadala ndiye aliyeuona ugonjwa ulipo. Alimvuta Chiriku uani kwenye bomba, akachovya shuka la jukwaani ndani ya beseni, akampa ncha moja.

"Kipaza sauti kilikufundisha kunong'ona, dada. Na huo mkono ndio unaokukumbusha. Haya, tukamue."

Chiriku alimuuliza kwa nini anamsaidia, wakati akishindwa nafasi ni yake. Msichana alikunja uso. Alisema yeye anaitaka hiyo nafasi, hilo hafichi, lakini anaitaka aipate kwa kuimba, asije akapewa na gazeti.

Wakasokota shuka, mmoja kulia mwingine kushoto, maji yakachuruzika kwenye saruji. Chiriku alikumbuka namna alivyokuwa akikamua mashuka na kaka yake wakiwa wadogo, kaka anazungusha kwa nguvu hadi yeye anainuliwa kwenye vidole vya miguu, wanaimba ovyo hadi jirani anawagombeza. Huwezi kukamua shuka kwa mkono mmoja. Na huwezi kulikamua huku unanong'ona, maana tumbo lenyewe linakaza. Aliimba wimbo wa barua pale bombani, mikono yote miwili kazini, na mlinzi wa geti, aliyekuwa mbali kule, akageuka kuangalia.

Jioni ile walimwomba mwongozaji shuka la wimbo wa barua liwe na maji ya kweli. Alilalamikia mbao za jukwaa, kisha akakubali.

Jumamosi saa nane mama alikuja. Ilikuwa mara yake ya kwanza kutoka tangu maziko, ukiacha kwenda kusali. Kwenye kumbi za hoteli hakuwahi kukanyaga. Alisema pale hapakuwa mahali pake, naye Chiriku hakumlaumu. Siku hiyo mama alivaa viatu vyake vya kufunga, akakataa kiti cha mbele walichompa, akaenda kukaa mstari wa mwisho, hatua mbili kutoka kwenye mgongo wa mwongozaji.

Gazeti lilipanda katika wimbo wa kwanza. Chiriku aliliona. Lilipanda tena kwenye wimbo wa uani, katikati ya vicheko vya majirani. Mara mbili, na nusu ya mchezo ilikuwa bado. Kwenye nafasi fupi ya kubadilisha nguo alisimama gizani nyuma ya pazia, akashika mlingoti wa taa, akamwambia Mungu kwamba haombi makofi, anaomba tu alichopewa kifike. Mama Swichi alipita na ngazi yake. Alimgonga begani na bisibisi kama anayepima ukuta.

Ikaja barua. Beseni lilikuwa limejaa. Chiriku alilitoa shuka likiwa zito, mbadala, aliyecheza jirani, akashika ncha ya pili, wakaanza kusokota. Kinanda kikaanza. Mkono wake wa kulia haukwenda popote. Aliufungua mdomo, na sauti ikatoka jinsi ilivyo, yenye mkwaruzo mdogo chini ambao studio walikuwa wanaufuta kila mara. Hakuisikiliza. Alikuwa na shuka la kukamua. Neno kwa neno alilisokota na maji yakadondoka, na alipofika pale dobi anapomwita ndugu yake kwa jina la utotoni, aliita kweli, kama mtu anayemwita mwingine ng'ambo ya uwanja.

Wimbo ukaisha. Hakusema asanteni. Hakuinama. Alianika shuka kwenye kamba, akabana vibanio, akatoka.

Mchezo ulipokwisha walipanga mstari jukwaani kungoja. Mwongozaji alikuja taratibu kutoka nyuma, mikono mitupu. Gazeti alikuwa ameliacha sakafuni, kurasa zimetawanyika chini ya kiti. Alizungumza na wapiga ala kwanza, akamkemea mtu kuhusu mlango uliogonga. Kisha akamgeukia Chiriku.

"Mara mbili," alisema. "Ya pili nilikuonea, jirani yako alikohoa." Akapangusa miwani. "Dobi ni wako. Kesho upumzishe koo."

Chiriku alishusha pumzi aliyokuwa ameibana, alivyoona yeye, kwa miaka sita. Mbadala alimkumbatia kwa mikono iliyolowa, akamwambia sikioni kwamba asifurahi sana, msimu ni mrefu na mafua yapo.

Mama alimngojea mlangoni. Chiriku alitegemea neno moja, kama kawaida ya siku zile.

"Pale kwenye barua ulikuwa unakimbia," mama alisema. "Ubeti wa pili. Unamkimbiza nani? Na kilemba kimekaa upande. Na hao majirani zako wanateta vibaya, mtu hatetwi hivyo. Utawaambia."

Aliendelea hivyo hadi kituoni, akamaliza majirani, akaingia kwenye mavazi, akaingia kwenye viti. Chiriku hakumkatiza hata mara moja. Alitembea pembeni yake akimeza kila neno kama maji ya baridi.

Mikisa haikurudi. Mama mwenyewe ndiye aliyesema ibaki kwa Mama Swichi, iwahudumie wapiga ala, maana kitu cha kazi kikae kazini. Ila ile plasta ya njia ya saba isibanduliwe. Kilichorudi ni kitambaa tu. Jumapili, baada ya sala, mama alikitoa uani na ndoo ya maji ya sabuni, akakifua vumbi lake la miezi minane, akampa Chiriku ncha moja.

Wakasokota, mmoja kulia mwingine kushoto.

"Kaza," mama alisema. "Unakamua kama msanii."